Imani iliyojenga hospitali Homa Bay na Migori sasa iingie katika vikao vya bajeti

KATIKA kaunti za Homa Bay na Migori, wiki ina siku mbili za ibada. Jumamosi, barabara za Kendu Bay na Oyugis hujaa Waadventista waliovalia nadhifu, watoto wakiandamana na wazazi huku wamebeba vitabu vya nyimbo. Jumapili huwa zamu ya Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na waumini wa Legio Maria, kanisa lililochipuka miaka ya 1960 na ambalo kituo chake kitakatifu cha Got Kwer kimo Migori.

Ni vigumu kumpata mkazi wa huko asiye na kanisa. Ni vigumu pia kumpata ambaye yeye mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake, hajawahi kutibiwa, kusomeshwa au kusaidiwa wakati wa msiba na kanisa. Kwa hivyo anayeuliza iwapo imani ya Kikristo huwasukuma watu kuwahudumia wenzao hana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Jibu liko Karungu, liko Kendu Bay, liko Asumbi.

Swali gumu ni jingine. Je, imani hiyo iliyozoea kumwosha mgonjwa vidonda humtayarisha pia muumini kuwa raia anayeuliza kwa nini zahanati haina dawa? Au humfundisha kuziba pengo lililoachwa na serikali, kisha akae kimya akisubiri thawabu mbinguni?

Zamani ungeweza kulijadili swali hili kwa utulivu, kama wafanyavyo wanafunzi wa seminari. Sasa haliwezekani kuahirishwa. Mnamo Januari 20, 2025, Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya kigeni, na katika majuma yaliyofuata wahudumu wa afya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walijikuta bila kazi kote nchini. Hapana eneo la Kenya lililokuwa na sababu ya kutetemeka kuliko kingo za kusini za Ziwa Viktoria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya Wakenya watu wazima waliishi na virusi vya HIV. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, ya juu kuliko kaunti zote. Migori ilikuwa asilimia 13.

Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, ulipitisha sehemu kubwa ya fedha zake mikononi mwa mashirika na hospitali, zikiwemo za kidini. Kwa miaka zaidi ya ishirini mkazi wa Nyatike au Mbita alipewa dawa bila malipo na wala hakuhitaji kujua bajeti ya gavana inasema nini kuhusu dawa hizo. Mfadhili alilipa, sista akagawa, mgonjwa akashukuru. Mpangilio huo uliokoa maisha ya watu wengi, na haupaswi kubezwa. Lakini uliwazoesha watu kutazama upande mmoja tu.

Historia yenyewe haikuanza hivyo. Mmisionari wa kwanza wa Kiadventista nchini, Arthur Carscallen kutoka Canada, alifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, akiandamana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi. (Jina la Nyambo husahaulika upesi masimulizi hayo yanapotolewa, yafaa litajwe.) Walijenga shule, wakaleta mtambo wa kupigia chapa, na katika miaka ya 1920 ikazaliwa hospitali ya Kendu. Mtu aliyejifunza kusoma Injili kwa Dholuo aliweza pia kusoma tangazo la kodi na kulipinga kwa maandishi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Chama cha kwanza cha siasa cha Waluo, Young Kavirondo Association, kilichoasisiwa Desemba 1921 huko Lundha, Gem, kiliongozwa na vijana waliosomea misheni, akiwemo mwalimu Jonathan Okwiri. Walilalamikia kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Miaka miwili baadaye, Akidikoni Walter Owen wa Kanisa la Anglikana alikigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Wapo wanahistoria wanaosema aliwapunguza makali vijana hao, na huenda ni kweli: wanachama walitakiwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Hata hivyo jina alilokipa lina fundisho. Hakukiita chama cha waumini wala cha wahisani. Alikiita chama cha walipa kodi. Mwenye kuchimba choo alikuwa pia mwenye kudai hesabu ya kodi yake, na Owen mwenyewe aliandika barua nyingi za kuikosoa serikali ya kikoloni hadi masetla wakamchukia.

Upande wa Homa Bay ya leo kulikuwa na Paul Mboya, mchungaji wa Kiadventista ambaye katika miaka ya 1930 alifanywa chifu wa Karachuonyo. Mwaka 1938 alichapisha kitabu cha mila za Waluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kinachosomwa hadi leo. Alikuwa na wapinzani wake, kama machifu wote wa enzi hiyo, kwani chifu alikuwa mtu wa serikali kwanza. Lakini mchungaji kuketi barazani kuamua mambo ya barabara, mashamba na shule hakukuonekana kuwa kioja. Ibada na baraza vilikuwa kazi za mtu mmoja.

Kilichotenganisha mambo hayo mawili, kwa maoni yangu, ni msiba. Ukimwi ulipozishambulia familia za Nyanza Kusini miaka ya 1980 na 1990, hapakuwa na muda wa kudai chochote kutoka kwa yeyote. Kulikuwa na majeneza. Serikali ya wakati huo ilichelewa. Rais wa pili, Daniel arap Moi, alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999 pekee. Tuseme ukweli pia kuhusu makanisa: wahubiri wengi walianza kwa kuwahukumu wagonjwa, wakiuita ugonjwa huo mshahara wa dhambi, na mjane aliyefiwa na mume aliweza kukosa hata mtu wa kumwombea.

Waliobadilisha hali hiyo hawakuwa hasa maaskofu. Walikuwa wanawake wa jumuiya ndogondogo za Kikristo na wa vikundi vya akina mama makanisani, waliochukua ndoo, sabuni na uji wakaingia katika nyumba ambazo wengine walizikwepa. Wengi wao walikuwa wajane wenyewe. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala cheo. Baadaye serikali ilipounda mfumo wa wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, ilikuta njia imekwisha kuchongwa na wanawake wa aina hiyo; na ilipowapa wahudumu laki moja kote nchini vifaa na marupurupu mnamo Septemba 2023, ilikuwa inalipa, kwa kuchelewa, deni la miaka mingi.

Huko Karungu, Mapadri Wakamili kutoka Italia, ambao kazi yao tangu karne ya 16 ni kuwahudumia wagonjwa, walijenga hospitali ya St Camillus katika miaka ya 1990, kisha wakaongeza makao ya watoto waliofiwa na wazazi. Makao hayo huitwa Dala Kiye, yaani nyumbani kwa mayatima. Mjini Homa Bay, shirika lisilo la kidini la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza mwaka 2001 kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya serikali, jambo ambalo wakubwa wengi wa dunia walikuwa wakidai haliwezekani Afrika. Na huko Lwala, karibu na Rongo, ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', walirudi kutoka masomoni Marekani wakajenga zahanati iliyofunguliwa mwaka 2007. Wazazi wao wote wawili walikuwa wamefariki kwa Ukimwi. Milton alipokuwa akienda ng'ambo mara ya kwanza, wanakijiji walikuwa wameuza mifugo na kuku ili kumkatia tiketi ya ndege. Ukitaka mfano wa sadaka iliyozaa, huo ni mmoja.

Haya yote ni mema. Basi tatizo liko wapi?

Tatizo liko katika mfano wa Msamaria mwema, au tuseme katika namna tunavyouhubiri. Kila mtoto wa Shule ya Jumapili anajua jinsi Msamaria alivyomwokota msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi, akamfunga majeraha na kumlipia nyumba ya wageni. Martin Luther King, akihubiri katika kanisa la Riverside mjini New York mnamo Aprili 4, 1967, alikumbusha kuwa kumhurumia aliyeanguka ni mwanzo tu. Siku moja lazima tuitazame barabara yenyewe ya kwenda Yeriko na kuirekebisha ili wasafiri wasiendelee kupigwa. Nyanza Kusini imepata Wasamaria wengi. Barabara haijarekebishwa.

Tangu 2013, barabara hiyo ina mwenyewe. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali lake la Nne, ilikabidhi kaunti jukumu la zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma sharti yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Dawa ikikosekana Macalder, mwananchi hana haja tena ya kulaumu Nairobi pekee. Aliyepanga bajeti yuko mjini Migori, safari ya matatu.

Hapa pana kinaya kinachostahili kukumbukwa. Kanisa Katoliki na makanisa mengi ya Kiprotestanti, yakiongozwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK), yaliipinga katiba hiyo katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, kwa sababu ya kifungu kuhusu uavyaji mimba na kile cha mahakama za Kadhi. Waumini wa Nyanza walisikiliza mahubiri, wakasema amina, kisha wakaenda kupiga kura ya Ndio kwa wingi uliopita maeneo mengine mengi. Wapo viongozi wa dini walioona hilo kama uasi. Mimi naona kinyume: watu hao walitumia dhamiri waliyofunzwa kanisani kupima mambo ambayo kanisa lenyewe halikuyapa uzito wa kutosha, yaani fedha kuletwa karibu na kijiji. Lakini waliopata katiba waliyoitaka hawakupata mafunzo ya kuitumia. Makanisa yaliyoshindwa katika kura hayakuwa na hamu kubwa ya kuyatoa.

Matokeo ni kwamba sheria inawapa waumini nafasi ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaagiza kila kaunti iwe na Jukwaa la Bajeti na Uchumi. Mwenyekiti wake ni gavana. Ndani yake huketi mawaziri wa kaunti, na kwa idadi iliyo sawa na yao, wawakilishi wa wananchi wanaopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee, na makundi ya kidini. Sheria imeyataja makundi ya kidini waziwazi. Hayakualikwa kuja kufungua mkutano kwa sala. Yaliwekwa hapo yatoe ushauri kuhusu mipango ya kaunti na matumizi ya fedha zake.

Kazi yenyewe ina kalenda. Kufikia Februari 28 kila mwaka, serikali ya kaunti hupeleka bungeni waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 hupeleka makadirio kamili. Kufikia mwisho wa Juni madiwani huwa wamepitisha. Anayesubiri Julai ndipo alalamike kwamba wadi ya akina mama haina maji amechelewa kwa miezi mitano. Mwaka wa kanisa una Majilio, Kwaresima na Pasaka, na muumini anajua kwa moyo lini nguo za altare hubadilishwa kuwa zambarau. Sioni sababu ya tarehe tatu za bajeti kuwa ngumu kuliko hizo, hasa kwa vile waraka wa Februari mara nyingi huangukia karibu na Kwaresima, wakati ambapo maaskofu Wakatoliki hutoa kila mwaka kampeni yao ya haki na amani.

Maswali ya kuuliza si ya kitaalamu. Kaunti imetenga kiasi gani kwa dawa, na mwaka uliopita ilitumia kiasi gani kati ya kilichotengwa? Inadaiwa ngapi na shirika la kusambaza dawa la KEMSA? Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 iruhusu hospitali kubaki na fedha zinazokusanya, je, fedha hizo zinabaki kweli? Wahudumu waliokuwa wakilipwa na mfadhili Mmarekani, nani atawalipa? Mhasibu mstaafu hakosi katika kila parokia. Mwalimu hakosi pia. Watu hawa huhesabu sadaka kila juma bila kukosea shilingi.

Sadaka, basi, na tuigeukie. Sababu moja ya makanisa kusita kuuliza kuhusu fedha za umma ni kuwa baadhi ya fedha hizo, au zinazodhaniwa kuwa hizo, zimo katika mabati ya makanisa yenyewe. Mwanasiasa huja ibadani na msafara, huketishwa mbele, hupewa kipaza sauti, hutoa bahasha, hupigiwa makofi. Jumatatu inayofuata mchungaji atamwulizaje kuhusu zahanati?

Mtu aliyelikata shauri hili hadharani ana uhusiano wa karibu na eneo tunalozungumzia. Philip Anyolo alikuwa Askofu wa Homa Bay, dayosisi inayojumuisha kaunti hizi mbili, kuanzia 2003 hadi 2018, miaka ambayo janga la Ukimwi lilikuwa likiumiza vibaya na kisha kuanza kutulia. Mnamo Novemba 2024, akiwa Askofu Mkuu wa Nairobi, aliagiza kurejeshwa kwa Sh2.6 milioni ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kayole, na akakataa ahadi ya Sh3 milioni zaidi pamoja na basi. Siku chache kabla, maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa taarifa kali kuhusu hali ya nchi. Kabla ya hapo, Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alikuwa amepiga marufuku wanasiasa kuhutubu katika makanisa yake.

Watetezi wa harambee wana hoja, na si ya kupuuzwa. Kanisa la Nairobi lina waumini wenye mishahara; la Nyatike lina wavuvi na wachimba dhahabu ambao mapato yao hutegemea siku. Kanisa hilo likikataa bahasha, paa litaendelea kuvuja. Hilo ni kweli. Lakini ni vyema kukumbuka ni nani alijenga makanisa ya kwanza ya Nyanza Kusini: wakulima waliofinyanga udongo na kukata nyasi wenyewe, katika umaskini mkubwa kuliko wa leo. Na wale wanakijiji wa Lwala hawakumsubiri mbunge alete tiketi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wengi wanahofu kuwa kanisa likiingia katika mambo ya serikali litajikuta limeegemea chama. Hofu hii ina msingi. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, NCCK lilikiri kwamba viongozi wa kanisa waligawanyika kwa misingi ya kikabila na kisiasa na kushindwa kuwa sauti ya taifa. Migori, ambako Waluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya na Wakisii huishi pamoja, ungamo hilo halikuhitaji maelezo. Tofauti ni kuwa kufuatilia bajeti hakuulizi kura ilipigiwa nani. Eneo hili kwa miongo mingi lilimfuata Raila Odinga kwa uaminifu ambao wageni waliushangaa, na kifo chake Oktoba 2025 kimewaacha wanasiasa wake wakigombania urithi kuelekea uchaguzi wa 2027. Bahasha zitaongezeka. Ukosefu wa dawa hautakuwa na chama.

Kuna jambo jingine ambalo haliwezi kupitwa kimya linapotajwa jina la jirani. Mnamo Juni 7, 2025, Albert Ojwang', mwalimu kijana na mwanablogu, alikamatwa na polisi nyumbani kwao Homa Bay na kusafirishwa hadi Nairobi. Kesho yake alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani akiwa seli. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kushambuliwa, na baadaye maafisa kadhaa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji, mashtaka waliyokana. Makanisa yanajua kuzika. Yanajua kupika, kukesha, kuimba, kufariji mama. Desturi hiyo ya msiba ni mojawapo ya hazina za Waluo, na Ukristo umeipa nguvu. Ila kuna vifo ambavyo faraja pekee haitoshi, na mzazi wa namna hiyo huhitaji majirani watakaoandamana naye hadi mahakamani, tarehe baada ya tarehe, hata kesi iahirishwe mara kumi.

Masista wa Asumbi na wauguzi wa Kendu wataendelea na kazi yao. Hakuna anayewaomba waache wodi wakashike mabango. Hospitali za kidini zenyewe zimekuwa zikilalamika kwamba hazilipwi kwa wakati, kwanza na hazina ya NHIF, kisha na mamlaka ya SHA iliyochukua mahali pake Oktoba 2024. Maana yake ni kuwa hata Msamaria sasa hana fedha za kumlipa mwenye nyumba ya wageni, na aliyeahidi kumrudishia gharama hajarudi.

Kiti cha makundi ya kidini katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi kimo katika sheria tangu 2012, Homa Bay na vilevile Migori. Muumini akisimama Jumamosi mjini Kendu Bay, au Jumapili huko Karungu, wakati wa matangazo baada ya ibada, na kuuliza ni nani anayekikalia kwa niaba yao na alisema nini katika kikao kilichopita, ni wangapi watakaoweza kumjibu?